Fungu langu nusu, gharama zote zangu

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro, kwetu ni Tanga. Baba yetu alifariki mwezi wa pili mwaka huu. Tumebaki na mama na watoto wanne: kaka mkubwa, dada aliyeko Muscat, mimi, na mdogo wetu wa kiume ambaye bado anaishi nyumbani. Baba ameacha nyumba ya vyumba sita, vinne vina wapangaji, shamba la michungwa Muheza, na shilingi 3,200,000 benki.

Kwenye kikao cha familia kila mtu alimtazama mwenzake. Kaka akasema biashara zake haziruhusu. Mdogo wetu wakasema bado mtoto, na ana miaka 29. Mwisho ikaonekana mwalimu ndiye anayejua kuandika. Muhtasari ukaandikwa, watu wakasaini, na mwezi wa tano mahakama ya mwanzo ikaniteua msimamizi wa mirathi. Nilijiona nimeheshimiwa, Shangazi, kumbe nimetwishwa gunia.

Nimekuwa nikitoa hela yangu tangu baba anaumwa. Dawa na vipimo, 520,000. Bili iliyokuwa imebaki hospitali siku alipofariki, 680,000, niliilipa kwa simu nikiwa nimesimama dirishani nalia. Matanga mpaka arobaini nimetoa 900,000, mbali na rambirambi 1,300,000 ambazo alizishika kaka. Mwezi wa nne mvua za masika zikang'oa bati upande wa wapangaji: mabati 22 ni 660,000, mbao na misumari 240,000, fundi 250,000. Vibarua wa kupalilia shamba 240,000. Cheti cha kifo, ada za mahakama, nakala na viapo 130,000. Nauli ya Morogoro na Tanga nimekwenda na kurudi mara saba, kila safari 40,000. Umeme wa LUKU na maji ya nyumbani 180,000. Ukijumlisha ni 4,080,000, na mshahara wa mwalimu unaujua.

Mwezi wa nane nilikuwa na ada ya mtoto na mfukoni sina kitu. Wapangaji walikuwa wananitumia mimi kodi, vyumba vinne kwa 50,000. Nikachukua ya miezi mitatu, 600,000, nikasema hii ni sehemu ya hela yangu. Sikumwambia mtu. Mpangaji mmoja akamtajia kaka katika maongezi tu, na Jumapili yake simu ikaita: "Kumbe unakula kodi ya marehemu!"

Tulipokutana Tanga nikatoa daftari langu. Hakulifungua. Alisema kumuuguza mzazi na kumzika ni sadaka, na mtoto gani anamdai baba yake risiti. Mdogo wetu akacheka. Mama hakusema kitu, aliinama akaendelea kuchambua mchele. Mwisho kaka akasema kama nina shida sana nijikatie ekari moja kule Muheza, yaishe. Nilitamani kukubali.

Najua kwa sheria yetu ya Kiislamu fungu langu ni nusu ya fungu la kaka, na sina ugomvi na hilo. Lakini mbona kwenye kutoa mimi ndiye mzima na wao ndio nusu?

Nina haki ya kurudishiwa? Risiti nyingine nilizihifadhi kwenye kopo la maziwa jikoni, nimezitoa juzi nimekuta karatasi nyeupe tupu. Je, naweza kudai na muda wangu? Tangu nianze kushughulikia mirathi nimeacha tuisheni za Jumamosi.

Binti wa Tanga, Morogoro

Shangazi anajibu

Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba.

Nianze na lile neno la sadaka, maana naona ndilo lililokuchoma. Kaka yako amepakua vyakula viwili kwenye sahani moja. Kumuuguza baba ni wema wa mtoto, hapo hajakosea. Lakini bati la mwezi wa nne limepigwa baba yuko kaburini. Umeezeka nyumba ya warithi watano, na yeye ni mmoja wao, tena mwenye fungu nono.

Haki ya kurudishiwa unayo. Msimamizi aliyeteuliwa na mahakama ya mwanzo anaongozwa na Jedwali la Tano la Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11. Linamtaka akusanye mali ya marehemu na yale aliyokuwa akiwadai watu, alipe madeni ya marehemu pamoja na gharama za usimamizi, na akishamaliza hayo ndipo agawe. Sheria ya Kiislamu mnayogawia nayo ina mpangilio wake na kaka anaujua: mazishi kwanza, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, mafungu mwisho. Kwa hiyo hela unayoidai haitoki mfukoni mwa mtu. Inatoka kwenye mali kabla haijawa ya mtu.

Sasa vua ualimu uvae ukarani. Nilikaa dirisha la mahakama ya mwanzo miaka mingi nikipokea faili za mirathi, na daftari kama lako nimeliona mara nyingi: limeandikwa kwa uchungu, kila kitu kimo, hata kisichostahili. Hakimu akikuta vitatu visivyostahili anaanza kuvitilia shaka na vile kumi vya haki. Kaka yako naye atashika hivyo hivyo vitatu.

Zile 520,000 za dawa na vipimo, zifute. Ulimpa baba akiwa hai, hakukukopa. Ingekuwa aliwahi kusema mbele ya watu kwamba nimekopa kwa binti yangu, mtamlipa, hapo ningekwambia vingine. Bili ya 680,000 ni habari tofauti. Lile lilikuwa deni la baba, limembakia siku alipokufa, na wewe umelilipa kwa niaba ya mirathi. Weka. Ila angalia risiti ya hospitali: nina hakika ina jina la baba, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mgonjwa, na haisemi nani alitoa hela. Ule muamala wa simu ndio unaosema. Omba taarifa ya miamala ya mwezi wa pili, uichape, uibane pamoja na risiti.

Matanga, mwanangu, sitakupa moyo. Kinachotolewa kwenye mali ya marehemu ni kile cha kumzika: sanda, gari, kaburi. Pilau ya wageni na ubani wa arobaini si deni la maiti. Na hata hivyo vya kumzika, kulikuwa na rambirambi 1,300,000, ambayo watu waliitoa kwa ajili hiyo. Rambirambi si mali ya marehemu, aliyepewa ni mfiwa, kwa hiyo isiingie kwenye hesabu ya mirathi hata kidogo. Lakini ina daftari lake, na daftari la msiba la Tanga nalijua, limeandikwa mpaka jirani wa buku mbili. Mwombe kaka alilete. Liulizwe swali moja tu: ziliingia ngapi, zilitumika ngapi, na kama kuna salio ndilo la kukupunguzia zile 900,000. Ukiuliza hivyo hujamtuhumu mtu. Na yeye akitaka daftari lako lifunguliwe mezani, lake halitabaki kabatini.

LUKU na maji 180,000, acha. Anayewasha feni mle ndani ni mdogo wako mwenye miaka 29. Najua kodi ya jengo siku hizi inakatwa humo humo kwenye LUKU, na kipande hicho kwa haki ni cha nyumba, lakini ni hela ndogo, mimi nisingegombana kwa ajili yake. Nauli, toa safari mbili: ya arobaini na ile uliyokwenda kupumzika likizo. Hukuniambia ulikwenda likizo, ila saba ni nyingi kwa faili moja. Kama nimekosea, utaniwia radhi na utaonyesha tarehe za mahakama. Tukibaki na tano ni 200,000.

Kinachosimama basi ni hospitali 680,000, paa 1,150,000, vibarua 240,000, mahakama na vyeti 130,000, nauli 200,000. Jumla 2,400,000. Najua umeshtuka, imeshuka kutoka milioni nne. Lakini hii hata akija wakili wa kaka hataing'oa.

Swali lako la nusu na nzima lina jibu la hesabu, na nataka ulipeleke kwenye kikao kama lilivyo. Mama ana thumni, yaani moja ya nane. Inayobaki mnagawana watoto, mwanamume fungu mbili, mwanamke moja. Ukiifanya mali yote kuwa vipande 48, mama ana 6, kila kaka ana 14, wewe 7 na dada yako 7. Zile 2,400,000 zikitoka juu kabla ya mgao, maana yake mama amechangia 300,000, kila mwanamume 700,000, wewe 350,000 na dada wa Muscat 350,000. Yaani na wewe umo, umelipa sehemu yako kwa kadiri ya fungu lako. Zisipotoka, umelipa 2,400,000 peke yako kwa mali ambayo utachukua vipande saba katika arobaini na nane. Mwambie kaka akae na kalamu aseme mwenyewe ipi ni ya haki. Mgao wa mbili kwa moja hawezi kuupenda kwenye kupokea akaukataa kwenye kutoa.

Tuje kwenye kodi. Hapa umekosea, na nitakusema kama mwanangu. Kujilipa gharama halali kutoka kwenye hela ya mirathi, msimamizi anaweza. Kujilipa kimya kimya, halafu familia isikie kwa mpangaji, ndiko kulikokuharibia. Na wewe mwenyewe umeniandikia kwamba ulizichukua kwa sababu ya ada ya mtoto. Sentensi hiyo usiirudie popote. Ulikuwa unadai, umepokea sehemu, ulichofanyia ni chako. Lakini iandike: kodi ya miezi mitatu, 600,000, imeingia, 600,000 imemrudishia msimamizi sehemu ya gharama, anabaki anadai 1,800,000. Na kuanzia sasa kodi isiingie kwenye simu yako binafsi. Tafuteni laini au akaunti ya peke yake, na kila mwezi piga picha salio utume kwenye kundi la familia, hata kama hakuna aliyeuliza. Ni kazi ya dakika moja.

Na miezi iliyofuata baada ya hiyo mitatu? Hukuitaja. Kaka ataiuliza, iwe na jibu.

Zile karatasi nyeupe: risiti za mashine ya EFD ndivyo zilivyo, joto linazila, na wewe umeziweka jikoni. Nenda duka la mabati uliponunua, wakutolee nakala, mauzo yao wanayatunza. Fundi hakukupa risiti, mafundi wetu hawana hayo mambo. Mkute, mpe kalamu, aandike kwa mkono wake kwamba amepokea 250,000 kutoka kwako, tarehe fulani, kwa kuezeka nyumba fulani, aweke namba yake ya simu na sahihi, na mpangaji mmoja asaini kama shahidi aliyemwona juu ya paa. Vibarua wa Muheza hivyo hivyo, hata kwa dole gumba. Nauli yenye tiketi weka tiketi. Isiyo na tiketi weka tarehe, halafu hakikisha tarehe hiyo faili lilitajwa mahakamani. Kisichokuwa na karatasi wala shahidi, kiweke ukurasa wa peke yake uwaachie wenzio waamue. Usikichanganye na vingine.

Kuna tundu moja kaka yako hajaliona bado, ila ataliona. Mabati umenunua mwezi wa nne, na umeteuliwa mwezi wa tano. Anaweza kusema hukuwa msimamizi, nani alikutuma? Hakimu kwa kawaida atataka kujua mambo mawili: ilikuwa lazima, na wenzio walijua? Lazima ilikuwepo, wapangaji walikuwa wanalowa. Kuhusu kujua, rudi kwenye kundi lenu la WhatsApp, mwezi wa nne. Sidhani kama ulipiga bati 22 bila mtu kusema neno. Hata ile sauti ya sekunde sita, "ezeka tu mdogo wangu tusije tukakosa wapangaji", ihifadhi nje ya simu. Simu za walimu zinaanguka kwenye ndoo za maji, nimeshuhudia.

Ile ekari ya Muheza usiiguse. Sijui kama kaka alisema kwa hasira au kwa akili, lakini ni mtego vyote viwili. Msimamizi haruhusiwi kununua mali anayoisimamia, yeye wala anayemsaidia, isipokuwa wosia unasema au mahakama imetoa amri. Kujikatia ekari kufidia deni lako, bila bei, bila mthamini, bila mahakama, hakuna hakimu atakayekuita mdai. Ombi la kutengua uteuzi wako litakuwa limekwisha kujiandika lenyewe. Dai lako ni la shilingi, lilipwe kwa shilingi.

Na shilingi zipo: zile 3,200,000 za benki. Hapo ndipo ninapotaka uharakishe. Kanuni za Usimamizi wa Mirathi za Mahakama za Mwanzo za mwaka 1971 zinakupa miezi minne tangu kuteuliwa kuwasilisha Fomu namba V, orodha kamili ya mali na madeni. Umeteuliwa mwezi wa tano, sasa ni wa kumi. Umepitiliza. Usiogope, kanuni hizo hizo zinairuhusu mahakama kuongeza muda, ila unaomba wewe, haikufuati nyumbani. Nenda wiki hii na barua fupi ya sababu. Kwenye Fomu V unachodai mirathi, na ile bili ya hospitali ikiwa humo humo, kionekane upande wa madeni, kodi ionekane upande wa mali. Baadaye ndiyo Fomu namba VI, ya hesabu: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Mara nyingi hela ya benki hupitia akaunti ya mirathi ya mahakama, na hakimu huangalia hesabu ndipo aruhusu warithi walipwe. Gharama zako zikiwa hazimo, zitagawanywa 3,200,000 zote, na wewe utabaki ukimdai mtu mmoja mmoja. Kumdai kaka yako laki saba ambazo ameshazinunulia bidhaa, hiyo kazi hata mimi ningeikimbia.

Kaka akikataa kusaini hesabu, usimlazimishe wala usimbembeleze mwezi mzima. Unaipeleka mahakamani bila sahihi yake, ataitwa, atasema pingamizi lake, na hakimu ataamua kipengele kwa kipengele. Dada wa Muscat aandike barua ya kukubali au kukataa, aisaini, aipige picha aitume, na ya asili ije na mtu anayerudi. Kuna kila siku mtu wa Tanga anayerudi kutoka Muscat.

Muda wako na tuisheni, usiuandike. Najua umekula Jumamosi zako zote. Lakini ukiingiza malipo ya jasho bila wote kukubali kabla, utageuza hesabu safi kuwa ugomvi wa nani anampenda baba zaidi. Kama wenyewe watasema tumpe mwalimu kitu cha asante, pokea, iandikwe kwenye muhtasari.

Kuna mtu mmoja hujaniuliza habari zake. Mama. Laki tatu katika hizo 2,400,000 ni za kwake, na kwa ninavyosoma barua yako hakuna aliyemweleza, si wewe wala kaka. Mmekuwa mkizozana juu ya kichwa chake akiwa na ungo mapajani. Kikao kiite Jumapili, lakini wewe nenda Jumamosi. Kaa naye jikoni, shika upande mmoja wa huo ungo, umsomee daftari jipya mstari kwa mstari, na uanze na zile 600,000.